Turudishe Sote Darasa la Nne

Nyumba ya walimu, nyuma ya shule,
Ijumaa, wiki ya kwanza ya muhula.

Kwa Bwana Chimphepo, Mwalimu Mkuu, ambaye pia ni mjomba wangu, mkuu wa ukoo wetu, na mshenga wangu upande wa kike.

Mjomba mheshimiwa,

Napiga magoti kabla sijaanza, kama ulivyotulea.

Kuna sauti moja imenikaa masikioni tangu siku ya kufunga shule mwezi wa saba. Si kengele, wala si kelele za watoto. Ni makofi matatu ya bibi, mama yako mzazi, aliyoyapiga kwa viganja vilivyokunjwa, vile tunavyoshukuru tunapopewa kitu. Sauti nzito ya chini, kama mtu anayegonga chungu kitupu kwa adabu. Wewe ulikuwa umetoka kusoma jina la Tadala katika orodha ya watoto watakaorudia darasa, na bibi, peke yake kati ya watu wote tuliosimama kwenye manyunyu yale, alikushukuru.

Nimeyasikia makofi hayo nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari, hata kanisani wakati wa sala ya kimya. Yamenifanya nifikiri sana, na wewe unajua kwamba nikifikiri sana huwa naandika. Najua pia ofisi yako iko mlango wa tatu kutoka darasani kwangu na ningeweza kuja kusema. Lakini ulishatuambia walimu kwamba jambo la kikazi lisiloandikwa ni umbea, nami sitaki kuwa mmbea.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Sikuandikii kulalamika kwamba Tadala amerudishwa Darasa la Nne. Nimetafakari likizo nzima nikaona ulikuwa sahihi. Kanuni ni kanuni: asiyefikisha alama arobaini havuki. Malalamiko yangu ni kwamba kanuni nzuri kama hiyo umeitumia kwa uchoyo. Umewapa watoto wachache wa shule ya msingi, ukatunyima sisi wengine. Naomba itumike kwa wote. Hoja zangu ni hizi.

1. Kuhusu Tadala mwenyewe.

Wewe unamjua, ila barua hii huenda ikasomwa mbele ya Kamati ya Shule, kwa hiyo nieleze. Tadala ni mtoto wa kike wa dada yangu, aliyekwenda Joni, kule Afrika Kusini, kutafuta kazi na ambaye siku hizi tunaye kwa sauti tu, kwenye simu, Jumapili. Mtoto anakaa na bibi pamoja nami. Kwa desturi yetu watoto wa dada ni wa mjomba, kwa hiyo Tadala ni wako kuliko alivyo wa baba yake. Ameshakaa Darasa la Nne miaka miwili. Mwaka wa kwanza alishindwa kweli kweli, simtetei; alikuwa bado anasoma kwa kukisia, akiona herufi ya kwanza anamalizia kwa imani. Mwaka wa pili alisoma. Nilikaa naye jioni kwenye mkeka, akasoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Kwenye mtihani akapata thelathini na tisa.

Alama aliyoikosa naijua kwa sura. Ilikuwa kwenye somo la Stadi za Maisha. Swali liliuliza: Mgeni anapofika, tunafanya nini? (a) Tunampa mkono. (b) Tunaketi chini na kupiga makofi. (c) Tunakimbia. Tadala alichagua (b). Mwongozo wa kusahihishia, ambao nadhani uliandikwa mjini na watu wasiotembelewa, unasema jibu ni (a).

Wiki ileile mkaguzi alikuja. Ulisimama mbele ya shule ukasema kwa ile sauti yako ya Jumatatu, "Mgeni ameshafika, mnangoja nini?" Watoto wote wakaketi chini kwenye vumbi wakapiga makofi. Tadala alikuwa mstari wa mbele, naye aliketi kabla ya wote, miguu upande mmoja, viganja vimekunjwa vizuri, bila kucheka. Mkaguzi akafurahi hata akatusifia kwa adabu. Hakujua kwamba shule nzima ilikuwa inakosea swali la kumi na tano.

Nilikuja ofisini kukuomba ile alama moja. Ulinijibu, "Ndaziona, nikimwongezea mtoto wa ukoo wangu, kesho kila mzazi atakuja hapa kunikumbusha kwamba na yeye ni shemeji yangu." Nikarudi darasani kwangu, maana ni kweli, na katika vijiji hivi wengi wao ni mashemeji zako. Sikukuuliza kama ungempa alama hiyo mtoto wa mtu mwingine. Niliogopa ungenijibu ukweli.

2. Kuhusu utaratibu wa kusoma majina, na kuku mweupe.

Tangu shule hii ianze, na kabla wewe hujazaliwa, siku ya kufunga wanasomwa waliofaulu. Mtoto akisikia jina lake anainuka, anajipangusa, anavuka uwanja kwenda upande wa pili wa mlingoti wa bendera. Asiyesomwa anabaki ameketi mpaka mama yake aje amwinue. Hakuna mtu wa hapa asiyelijua hilo. Hata mbuzi wanalijua, maana siku hiyo ndiyo siku wanayofukuzwa uwanjani.

Mwaka huu manyunyu yalikuja katikati ya hotuba yako na karatasi ikaanza kulowa. Ukasema, "Leo nasoma walioshindwa, ni wachache. Wengine wote mvuke." Ulikuwa uamuzi wa busara na karatasi ilinusurika. Ila bibi hakuusikia. Alikuwa bado njiani, anatoka kuuza viazi vyake barabarani, na alifika na mwavuli wake uliovunjika ubavu wakati ule ule ulipotamka, "Tadala Kachipapa." Jina kamili, pamoja na la baba. Mwanamke aliyesikiliza majina yakisomwa kwenye uwanja huu tangu wanawe mwenyewe wakiwa wadogo angeelewa nini? Alipiga makofi yake matatu. Kisha akamvua Tadala sweta lililolowa, akamfunga kitenge chake yeye mwenyewe, akamwambia, "Wamekusoma. Nimesikia kwa masikio yangu haya."

Mtoto alinitazama kwa juu ya bega la bibi. Nami, mwenye cheti cha ualimu kilichopigwa mhuri, nilifungua mdomo nikaufunga.

Jioni bibi alichinja kuku. Naomba Kamati ielewe ni kuku yupi. Ni yule jike mweupe uliyeagiza wewe mwenyewe atunzwe kwa ajili ya uchumba wangu, maana siku ya kuposwa upande wa kiume huleta jogoo, upande wa kike hutoa jike, na wale wawili wasipopokezana mbele ya washenga hakuna posa, kuna mazungumzo tu. Nilimkumbusha bibi. Alikuwa ameshashika kisu. "Posa inaweza kungoja," akasema. "Mtoto anayevuka darasa hangoji." Tangu siku hiyo jogoo wa Limbani, anayenichumbia, anawika peke yake kwa mama yake, na majirani wameanza kuulizana ana nini.

Sasa ndipo inapokuja firigisi. Firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na kwetu mkubwa ni wewe. Bibi aliiweka kwenye kisahani, akafunika kwa kisahani kingine, akamtuma Tadala: "Mpelekee mjomba wako, mwambie ni ya kuvuka darasa." Tadala aliipeleka, akapiga magoti, akaiweka mbele yako, na kwa kuwa hajui kusema uongo hakusema chochote. Mkaza mjomba, mkeo, ananiambia uliila yote kwa sima, ukalamba kidole, ukasema mama bado hajasahau kupika.

Nimeuliza watu wazima wawili bila kutaja majina. Wote wamesema jambo moja: aliyekula firigisi ameikubali sababu ya kuchinjwa kuku. Hapa kuna utata ambao Kamati haina budi kuutatua. Mdomo uliosoma kushindwa uwanjani ndio huo huo uliotafuna kufaulu jioni. Upi ni wa Mwalimu Mkuu na upi ni wa mjomba? Lakini sisemi hivyo ili Tadala avuke. Nimeshakubali kanuni. Nasema tu kwamba mtu aliyekula firigisi ya mtihani usiofauliwa amepata asichostahili, na kwa kanuni yake mwenyewe hawezi kuendelea mbele. Jina lako, Mjomba, naliweka la kwanza kwenye orodha ya watakaorudi.

3. Kuhusu ukuta na mkaguzi.

Nilipokuwa Darasa la Pili hapa, jengo jipya lilikuwa limefika kwenye linta, juu tu ya milango. Nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikarudi ni mwalimu. Liko kwenye linta. Kila mwaka ripoti inasema "linaendelea." Sijawahi kuona mwanafunzi aliyesimama mahali pamoja akaandikiwa anaendelea. Naomba ukuta ule urudishwe kwenye msingi, uanze upya, na uambiwe sababu mbele ya wenzake.

Vivyo hivyo mkaguzi. Kila akija huandika kwenye kitabu cha wageni sentensi moja, "Vyoo viongezwe," akatia sahihi. Nimerudi nyuma kurasa nyingi, sentensi ni hiyo hiyo. Kwa maoni yangu amekwama. Asivushwe kwenda sentensi ya pili mpaka ya kwanza iwe imetimia.

4. Kuhusu viazi.

Hoja hii ni fupi kwa sababu siipendi.

Likizo yote Tadala alikaa na bibi barabarani wakiuza viazi. Siku moja nilikwenda kuwapokea, bibi amekwenda kuomba moto kwa jirani, mtoto akaniambia bila kunitazama, "Mama mdogo, nikirudi la Nne sirudi shule." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Viazi havinicheki."

Utakumbuka kwamba ni mrefu kuliko mwalimu wake. Magoti yake hayaingii tena chini ya dawati, anakaa upande kama mtu aliyepanda baiskeli ya kubebwa. Watoto wa la Nne wanamwita Mama Darasa na kumtuma atundike ramani. Mwaka jana walikuwa wasichana watatu warefu kwenye safu ile ya nyuma, wanarudia pamoja, wanachekwa pamoja, na kuchekwa watu watatu si sawa na kuchekwa peke yako. Mmoja sasa ana mtoto mgongoni. Mwingine anachota maji kwa mwenye hoteli kule njia panda. Wote walisema kwamba wanapumzika kidogo tu. Kwa hiyo mtoto anaposema harudi, sichukulii kuwa ni hasira ya chakula kuchelewa.

Nikajaribu kumshawishi kwa werevu wa chuoni. Nikamwambia hata viazi vina madarasa, angalia mafungu yako mwenyewe: vikubwa, vya kati, vidogo. Akavitazama. Kisha akasema, "Ndiyo. Lakini hakuna anayevirudisha shambani."

Nauliza kwa heshima: mtoto anayejibu hivyo ameshindwa somo gani?

Bibi mpaka leo hajui. Amewaambia akina mama wa kanisani, amemwambia mwenye mashine ya kusaga, amemwambia dada yangu kwenye simu, na dada yangu amelia kwa furaha mpaka salio likaisha. Kila aliyeambiwa amempa Tadala hongera, na kila hongera mtoto ameipokea kwa magoti na makofi, kama mtu anayeshukuru kwa kubebeshwa mzigo. Hakuna mtihani mgumu kuliko huo, na huo ameufanya likizo nzima bila kupumzika.

Sikusudii kubadili msimamo wangu. Kanuni ni kanuni. Naendelea.

5. Kuhusu Limbani.

Limbani ni bwana shamba wa eneo letu, kijana mpole anayeweza kuongea na kiazi kikamsikiliza, na amekuja kuniposa kwako mara mbili. Mara ya kwanza ulimrudisha kwa sababu mjomba wake alipata pancha njiani na yeye akafika bila mshenga. Hilo ni kosa, sina la kusema. Mara ya pili alikuja na mshenga, viatu vimepigwa rangi, mvua imetoka kunyesha, ua wako ni tope tupu. Akaona akiketi chini ataharibu suruali ya kuazima. Akakunyoshea mkono.

Uliutazama ule mkono kama mtu anayeonyeshwa samaki aliyelala. Ukasema, "Huyu bado. Arudi mwakani." Mkaza mjomba alikwambia, "Mzee, mvua ilinyesha, mtoto wa watu afanyeje?" nawe ukamjibu kwamba tope halijawahi kumzuia mtu kuheshimu. Yeye akanong'ona, kwa sauti aliyojua nitaisikia jikoni, "Mimi nimekaa naye darasa moja tangu arusi, mpaka leo hajavuka somo la kufunga mlango."

Sasa Mjomba, nakuomba uketi kitako. Mgeni anapofika, au unapofika kwa mwenyeji, ni lile lile, tunafanya nini? Limbani alijibu (a), ukamrudisha. Tadala alijibu (b), ukamrudisha. Mimi nimebaki nyumbani kwangu na (c).

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Nimejiambia labda kuna jibu la ofisini na jibu la uani, na mtu aliyeelimika ni yule anayejua yuko wapi. Lakini Tadala ana umri wa kujua anaishi wapi tu, na anaishi hapa, kwenye uwanja ulioufagia wewe, kwa heshima uliyomfundisha wewe. Ulimfundisha vizuri mno. Kama angekusikiliza kidogo tu chini ya hapo, angefaulu.

Ila sirudi nyuma. Ninachodai ni usawa. Wote wawili wamerudishwa, basi na wengine tufuate.

6. Kuhusu mimi.

Hii ndiyo hoja inayonikosesha raha, nami nimeiweka mwisho ili nisiifikie, lakini nimeifikia.

Nilipokuwa Darasa la Nne, mwalimu wa darasa ulikuwa wewe. Wiki ya mtihani nilipata malaria. Sikumbuki mengi. Nakumbuka dari ya nyasi inavyokuja karibu na kurudi mbali, na harufu ya mchaichai. Sikuandika hata neno. Siku ya kufunga nilikuwa bado nimelala, bibi ndiye aliyenisimulia: mwalimu mkuu wa wakati ule alisema nirudie, na wewe ukasema, "Huyu mvusheni. Nitamjibia mimi."

Hukuwa na alama yangu hata moja mkononi. Na nilikuwa mtoto wa ukoo wako wakati ule kama nilivyo leo. Hukuogopa mashemeji.

Nimefuata mantiki mpaka mwisho, kwa kuwa chuoni walitufundisha tusiishie njiani. Ikiwa sikufaulu Darasa la Nne, basi la Tano nililisoma kwa mkopo usio na dhamana. La Sita halikupaswa kuwapo. Sekondari nilikaa kiti cha mtu mwingine. Cheti changu cha ualimu hakina msingi, kama lile jengo, isipokuwa mimi nimefika juu ya linta bila ruhusa. Watoto niliowafundisha mwaka jana wamefundishwa na mtu ambaye hajavuka la Nne. Na wao warudi. Wazazi ambao watoto hao wamewasomea barua na vikaratasi vya dawa wamesomewa na watu wasiostahili kusoma. Dawa hizo, kwa haki, hazikupaswa kuwaponya. Ripoti zako za mwaka, ambazo unanipa niziandike kwa kuwa mwandiko wangu unapendeza, ni batili kuanzia neno la kwanza. Ukizitoa hizo, Mjomba, sijui kama shule hii kisheria ipo.

Kwa hiyo ombi langu ni jepesi. Jumatatu ijayo sote tuingie Darasa la Nne. Wewe ukae mbele kwa sababu ya macho yako. Mimi nikae nyuma, nina mazoea. Mkaguzi akae karibu na mlango awe anaona vyoo. Limbani akae sakafuni, ajizoeze. Mkaza mjomba atusimamie, maana ndiye pekee anayeweza kukuamuru ufunge mlango. Tadala awe kiongozi wa darasa. Hakuna mtu anayelijua darasa hilo kama yeye. Bibi asihusishwe. Hakuwahi kuingia darasani, kwa hiyo ndiye mtu pekee katika ukoo wetu ambaye hajawahi kushindwa.

Mtihani uwe wa swali moja, lile lile. Na atakayejibu lolote kati ya (a) na (b) arudie, mpaka tuzeekee humo sote na nchi ipate utulivu.

Naomba Kamati ikutane mapema. Naomba pia barua hii isibandikwe ubaoni, kwa sababu wanafunzi wangu wataisahihisha.

Nifikishie salamu kwa mkaza mjomba, umwambie unga wa karanga alionipa ulitosha kwa majani ya maboga ya siku mbili. Uwasalimu wanao, na mlinzi wa shule, na yule mbuzi wa jirani anayehudhuria Darasa la Kwanza kwa uaminifu kuliko walioandikishwa. Bibi anakusalimu sana na anauliza kama firigisi ilikolea chumvi.

Wako kwa damu, kwa kazi, na kwa magoti,

Ndaziona Mtsitsi,
Mwalimu wa Darasa la Tano.

Tanbihi. Mjomba, tafadhali usiitishe Kamati. Nimeisoma barua hii tangu juu nikaona kwamba hoja zote sita ni nzuri na kwamba siamini hata moja. Limbani alikuja jana jioni na jike mweupe kwapani, akaketi chini tangu kwenye kichaka cha uzio na kusogea kwa makalio mpaka mlangoni. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta, akamvusha papo hapo. Najua kwamba jike hatakiwi kutoka upande wa kiume. Utakuja kutugombeza, na utakapokuja utamkuta kuku amefungwa mguu, mzima, anakungoja wewe mshenga wangu.

Na Tadala nimeshamvusha. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, nilimshika mkono nikavuka naye uwanja mpaka upande wa pili wa mlingoti, kisha nikampeleka darasani kwangu. Anakaa dirishani, kwenye dawati refu alilolitengeneza fundi wa kanisa, na magoti yake yanaingia. Jina lake nimeliandika kwa wino. Juzi ulipopita ukachungulia alijikunja awe mdogo; wewe ukakohoa, ukaenda zako. Sijui ulimwona au la, wala sitauliza. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Mama mdogo, nikiulizwa niseme nini?" Nikamwambia asiseme kitu, nitamjibia mimi.

Ukiamua kuja kumtoa, hatutakuzuia. Njoo tu kama mgeni. Utatukuta darasa zima tumeketi chini, viganja vimekunjwa.